Je, Kuutibu Uso ni Kumkosoa Muumba?

Siku moja baada ya sala ya Ijumaa, huko Kalenga katika mkoa wa Iringa, mzee mmoja aliniletea mjukuu wake, binti wa miaka kumi na minne. Kando ya pua yake na juu ya mashavu vilikuwa vimetoka vivimbe vidogo vigumu, vingine kama punje ya ulezi, vingine kama punje ya mtama. Haviumi, wala havitoi usaha. Binti alikuwa amejitanda khanga hadi chini ya macho, na shule alikwisha kuiacha.

“Mwalimu,” akasema mzee, “wako wanaosema tumpeleke hospitali. Lakini vitu hivi havimwui. Je, kuviondoa si kumkosoa Yule aliyemwumba?”

Ndugu msomaji, swali hili lisidharauliwe. Mwenye kuuliza anakumbuka kwamba Kurani Tukufu inakuhesabu kulibadili umbile la Mungu kuwa miongoni mwa vishawishi vya Shetani, naye anaogopa kuingia humo. Hofu hiyo ni njema. Lakini je, ni kila mkono unaougusa uso ndio unaobadili umbile? Katika Hadithi tunasimuliwa habari za sahaba Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alijiwekea pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya; basi Mtukufu Mtume s.a.w. akamwamuru aweke ya dhahabu. Fikirini jambo hili. Dhahabu imekatazwa kwa wanaume, na mtu huyo hakuwa katika hatari ya kufa kwa kukosa pua. Hata hivyo katazo lililegezwa, ili aweze kukaa na watu bila kuona haya. Hivyo basi, kumwondolea mtu kilema cha uso si urembo wala si kiburi. Ni tiba.

Lakini ruhusa ya kutibu haitoshi, maana hatutibu tusichokijua, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Jirani akiona vivimbe usoni husema mara moja: ni laana, au ni ugonjwa wa kuambukiza, huyu asiolewe. Watu wa Kalenga wana sababu ya kujihadhari na hukumu za namna hiyo. Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898, lilirejeshwa kwao mwaka 1954 kutoka Ujerumani, ambako wataalamu wa zama zile walijaza makumbusho mafuvu ya Waafrika na kuyapima, wakidhani umbo la mfupa litawafunulia thamani ya watu. Walipima sana, wala hawakumjua hata mtu mmoja.

Elimu ya kweli ya tiba huenda kwa adabu zaidi. Vivimbe vya uso visivyo saratani ni vya namna nyingi, na baadhi yake ni vya nadra. Viko vinavyotokana na mashina ya vinyweleo. Hivyo huweza kurithiwa, huanza utotoni au wakati wa kubalehe, na mzazi mwenye asili hiyo aweza kumrithisha kila mtoto kwa nafasi moja kati ya mbili. Vingine huonekana kama hivyo hivyo, au kama chunusi, lakini ni ishara ya ugonjwa uliojificha ndani, unaoweza kugusa ubongo na figo. Mtoto wa namna hii mara nyingi huwa na mabaka meupe mwilini, na huenda akapatwa na kifafa. Ole wake mtoto huyo, maana kwa uso wake ataambiwa amelaaniwa, na kwa kifafa chake ataambiwa ana pepo, hali vyote viwili ni maradhi mamoja! Na viko vivimbe vinavyofanana na saratani hata jicho la daktari lisiweze kuamua. Kwa hiyo hukatwa kipande kidogo kwa ganzi, kikatazamwa kwa hadubini. Katika nchi yetu maarifa haya yapo: Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kiko kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu miaka ya 1990.

Tabibu mwema huuliza pia: ni nani mwingine katika ukoo? Nilipomwuliza mzee, alinyamaza kitambo, kisha akavua kofia yake. Katika paji la uso na kando ya pua alikuwa na vivimbe vile vile vya zamani, na katikati yake makovu mapana. Katika ujana wake alichomwa kwa chuma cha moto ili “kufukuza kitu”. Kumbe swali alilonileta lilikuwa lake mwenyewe kabla ya kuwa la mjukuu.

Nisimdanganye msomaji kuhusu tiba. Kivimbe kimoja hukatwa kikaisha. Vikiwa vingi huparuzwa, au huchomwa kwa umeme au kwa mwanga wa leza, na mara nyingi hurudi. Katika ngozi yetu nyeusi jeraha laweza kuacha baka, au kovu linalovimba kuliko kivimbe chenyewe; kwa hiyo wakati mwingine daktari mwenye hekima hugusa vichache tu. Kwa ule ugonjwa wa ndani ipo dawa ya kupaka iitwayo sirolimusi, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2022 kwa vivimbe vya uso. Asili yake ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, mbali katika bahari ya Pasifiki. Nani angedhani kwamba dawa ya uso wa mtoto imelala katika udongo wa kisiwa!

Nilimwambia mzee aanze na hospitali ya mkoa, Iringa mjini, na asikubali mtu yeyote kumchoma binti kabla kipande hakijapimwa. Juu ya shule nilimwambia kwamba hiyo haina haja ya kungoja majibu ya hadubini.

“Na mimi?” akauliza. “Makovu haya je?”

Nikamjibu kwamba waende pamoja, daktari awaone wote wawili.