Tunacheza Nyimbo Zao, Hatuingii Nyumbani Kwao



Kijana mwenzangu, kama unaishi Dar umeshamsikia konda akiita, "Sinza kwa Remmy!" Huyo ni Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kongo. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba kwa Kiswahili mpaka kituo cha daladala kikabeba jina lake. Nyimbo za Wakongo tunazicheza kila harusi. Lakini jiulize, nyumba ngapi za Wakongo mtaani kwako umewahi kuingia?

Jibu langu lilikuwa sifuri.

Hapa kwetu Mwananyamala kuna familia kutoka Uvira, wamepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Binti yao akikutana na mama yangu humwambia, "Jambo, mama." Basi. Hakuna shikamoo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, "Yule dada hana adabu, anaringa." Neno likasambaa. Jumuiya yetu ikizunguka kusali nyumba kwa nyumba, pale tunapapita. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ni Wakatoliki.

Kwaresima iliyopita paroko alituagiza vijana tuwatembelee majirani tusiowafahamu. Tukapiga kura, nami nikaangukia nyumba ileile. Aisee!

Mama mwenye nyumba akatupokea, "Karibuni ku nyumba." Mwenzangu akataka kucheka, nikamkanyaga mguu. Tukaletewa ugali na sombe. Kumbe sombe ni kisamvu chetu, ila wao wameunga kwa mawese badala ya nazi.

Ukutani palikuwa na picha ya mtawa. Nikauliza ni nani. Mama akashangaa kwamba simjui Mwenyeheri Anuarite, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu. Ndiyo, jina la shirika ni la Kiswahili! Waasi wa Simba walimuua Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akiwa na miaka 24, kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi. Alimsamehe aliyemuua. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri huko Kinshasa mwaka 1985.

Ndipo nikauliza swali lililokuwa linanikaba, "Mama, kwenu mtoto anamsalimiaje mkubwa?"

"Anasema jambo. Shikamoo tumeikuta hapa."

Nikanyamaza. Kumbe binti yule alikuwa akimpa mama yangu heshima yote aliyofundishwa kwao, nami nikaigeuza kuwa tusi. Mama akaongeza, bila kulaumu, kwamba kwa miaka mitatu wamesali rozari peke yao, huku wakisikia nyimbo za jumuiya yetu kupitia dirishani.

Jamani, dirishani!

Yusufu na Maria walipokimbilia Misri na mtoto Yesu (Mt 2:13-15), nao walikuwa na lafudhi ya kigeni. Pengine kuna kijana wa Misri aliyesema, "Yule mama hajui kusalimia." Mungu aliwaagiza Waisraeli wampende mgeni kama nafsi zao, kwa kuwa nao waliwahi kuwa wageni (Law 19:34). Na Yesu anatuambia kwamba anayempokea mgeni amempokea Yeye mwenyewe (Mt 25:35). Mimi sikumfukuza mtu. Nilipita tu mlangoni, nikaacha na neno baya nyuma yangu.

Nilimwomba binti yule msamaha. Akanisamehe, lakini akasema, "Waambie na wale uliowaambia." Hapo ndipo penye kazi. Nimemwambia mama, nimesimama na mbele ya jumuiya nikasema nilikosea. Aibu niliipata, ila Alhamisi iliyofuata tulisali rozari nyumbani kwao, chini ya picha ya Anuarite.

Kazi ya wiki hii: nenda nyumba moja unayoipita siku zote. Piga hodi. Uliza wanasalimianaje kwao, kisha wasalimie hivyo.

Tuombe: Ee Yesu, uliyekuwa mgeni Misri, utusamehe milango tuliyoipita na maneno tuliyoyasambaza. Utupe ujasiri wa kurudi kuyasahihisha. Amina.

Mwenyeheri Anuarite, utuombee.