Mwenye Kiwanja na Zamu Wake

Katika mji wetu wa Goma neno zamu lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ile ijulikanayo na Waswahili wote: mara yako, kisha mara yangu. Maana ya pili ni mtu, yaani mlinzi akaaye mahali kulinda mali ya mwingine. Ukitaka kujua jinsi watu wasio na fedha ya kupanga wanavyopata pa kulala hapa kwetu, neno hili moja litakutosha: wengine hulala kwa zamu, na wengine ni zamu.

Tuanze na wale wa kwanza. Katika Birere, Mabanga na Majengo utakuta chumba kimoja cha mbao, kitanda kimoja, na wenye kitanda wawili. Mmoja ni kijana wa pikipiki, afanyaye kazi mchana. Mwenzake hulinda duka usiku. Saa kumi na mbili asubuhi huyu anatoka na yule anaingia, wala godoro halipati kupoa. Siku ya Jumapili tu ndiyo iletayo taabu, maana siku hiyo wote wawili wana haki ya kupumzika. Mafundi wa cherehani hulala chini ya meza wanapokatia nguo. Wanafunzi waliotoka Masisi na Rutshuru hukaa watano katika chumba. Na ziko jamaa ambazo mchana ni jamaa moja, lakini jua likishuka hutawanyika: wasichana huenda kwa shangazi yao, wavulana hulala jikoni kwa jirani, na nyumbani hubaki baba, mama na mtoto wa kunyonya.

Wako wanaowacheka watu hawa, na wako wanaowahukumu, ati maisha hayo si ya watu wenye adabu. Mimi sioni kosa lao. Adabu haitoki katika wingi wa vyumba. Nimeingia katika chumba cha watu sita kilichogawanywa kwa pazia moja la kitenge, na heshima niliyoikuta humo sijaikuta katika nyumba nyingi za ghorofa. Lakini tusijidanganye pia. Mtoto alalaye jikoni kwa watu hajui ni nani mwenye haki ya kumwonya, na mama yake hajui kama usiku amelala au hakulala. Taabu isiyo dhambi ni taabu bado.

Utauliza, nyumba zimekuwa ghali kwa sababu gani? Mji umebanwa. Kusini ni ziwa Kivu, mashariki ni mpaka wa Rwanda, kaskazini ni mlima Nyiragongo. Moto wa mlima ulishuka mwaka 1977. Ulishuka tena tarehe 17 Januari 2002, ukapita katikati ya mji, ukala maduka na nyumba maelfu pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ulikula vijiji vya upande wa kaskazini, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Vita navyo havikutuacha. Mwaka 1994 walikuja wakimbizi wa Rwanda, mamia ya maelfu kwa siku chache. Na tangu hapo Wakongomani wenyewe wamekuwa wakikimbia vijiji vyao na kuja kwetu. Nyuma ya wakimbizi yakaja mashirika ya misaada, na wakubwa wake wakapanga kwa dola nyumba za Himbi na za kando ya ziwa. Bei iliyopanda ziwani haikukawia kupanda Ndosho pia. Kisha kuna garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yakataza mwenye nyumba ya kukaa kudai garanti ipitayo miezi mitatu, lakini wengi wetu tumedaiwa zaidi, tena kwa mara moja, tena kwa dola. Mwalimu wa shule ataipata wapi fedha hiyo? Na mwishoni mwa Januari 2025, mji uliposhikwa na M23, mabenki yalifungwa na wengi wakapoteza kazi. Mwezi uliofuata kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Waliokuwa na pa kurudi walirudi. Wengine walikuja kugonga milango yetu.

Hapo ndipo linapoingia swali la kwanza. Je, mwenye nyumba ana ruhusa kudai bei yoyote ambayo mtu yuko tayari kuilipa? Wengi hujibu upesi: nyumba ni yake, anayeona ghali aende kwingine. Jibu hili laonekana kuwa na nguvu, lakini tulichunguze. Mtakatifu Toma wa Akwino, alipoandika juu ya kuuza na kununua, alifundisha jambo ambalo nililisoma nikiwa kijana seminarini na sikulielewa mpaka nilipoanza kutafuta chumba. Alisema hivi kwa maana: ikiwa muuzaji atapata hasara kubwa kwa kutoa kitu chake, ni halali kuongeza bei kwa ajili ya hasara hiyo. Lakini ikiwa yeye hapati hasara, na ni mnunuzi tu anayekihitaji sana kitu hicho, basi hana haki ya kuongeza bei kwa ajili ya haja ya mnunuzi. Kwa nini? Kwa kuwa haja hiyo si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake.

Tazama basi. Chumba kilikuwa na bei yake siku ya Ijumaa. Jumamosi moto ukashuka mlimani. Jumatatu chumba kilekile, ukuta uleule, bati lilelile linalovuja, kimepanda mara mbili. Kilichoongezeka ni nini? Ni hofu ya yule aliyeunguziwa nyumba. Mwenye chumba anamwuzia mtu msiba wake mwenyewe.

Labda utanijibu: Mwalimu, wewe unasema kama kwamba wenye nyumba wote ni matajiri. Kweli, si wote. Namjua mjane mwenye vyumba viwili ambavyo ndivyo shamba lake na ndivyo mshahara wake. Unga ukipanda bei, na yeye asipandishe, watoto wake watalala na njaa. Huyo anaongeza kwa ajili ya hasara yake mwenyewe, na Toma amemruhusu. Sheria ile haimtazami mtu kama ana nyumba moja au kumi. Yamwuliza tu, hiki unachoongeza kimetoka wapi?

Nadhani jambo hili ni jepesi kulitambua pale mwenye nyumba anapokaa pamoja na wapangaji. Dar es Salaam wanazo nyumba ziitwazo nyumba za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani choo na jiko, na mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe yumo katika chumba kimojawapo. Anawasikia watoto wa mpangaji wakilia. Mtu wa namna hiyo ataona haya kabla ya kupandisha bei. Wetu wengi wako mbali, nao hudai kwa simu. Simu haioni haya.

Sasa niseme juu ya wale ambao ni zamu, na hapa sitasema habari za watu wengine tu, maana mimi ni mmoja wao.

Mtu amenunua kiwanja, au parseli kama tusemavyo hapa, lakini hana fedha ya kujenga, au hakai Goma. Akikiacha tupu yuko hatarini. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 yasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na anadaiwa aitumie kweli. Tena wako wezi wa viwanja, wanaouza kiwanja kimoja kwa watu wawili au watatu. Basi mwenye kiwanja humtafuta mtu mwaminifu asiye na nyumba, akamwambia: Jenga kibanda chako cha mbao hapo, ukae bure, unilindie. Ndivyo nilivyoambiwa mimi miaka minane iliyopita.

Nilikuta mawe ya volkano matupu, meusi, makali kama vigae. Niliyavunja kwa nyundo miezi mitatu. Mke wangu na mimi tulileta udongo kwa magunia, chukudu baada ya chukudu, mpaka tukaweza kupanda maharagwe na mchicha. Nilizungusha ukuta wa mawe yaleyale. Watoto wetu wawili wamezaliwa hapo. Mwaka huu mwenye kiwanja alinipigia simu, akaniambia kwa upole: Mwalimu, namshukuru Mungu nimepata kidogo, nataka kujenga. Nakupa mwezi mmoja.

Nakiri kwamba usiku ule sikulala. Asubuhi jirani alinijia na shauri. Kiwanja hiki, alisema, watu wote wa avenyi wanakijua kuwa chako. Hakuna aliyemwona mwingine kwa miaka minane. Nenda kwa mkubwa wa avenyi na watu wawili wa kushuhudia, upate karatasi. Wangapi wamefanya hivyo! Sitaki kujisifu kwamba nilimfukuza. Nilimpa kiti, nikamsikiliza mpaka mwisho, na siku mbili nzima shauri lake lilikuwa tamu kichwani mwangu.

Kilichonizuia kilikuwa kitu kidogo. Nilianza kuhesabu. Nikaandika katika daftari, upande mmoja, yote niliyompa mwenye kiwanja: ulinzi wa miaka minane, mawe yaliyovunjwa, ukuta, udongo. Upande wa pili nikaandika aliyonipa: kodi ya miezi tisini na sita ambayo sikulipa. Nikaona kwamba hesabu hii haina maana yoyote kama kiwanja ni changu, kwa kuwa mtu hajidai mwenyewe. Kudai haki yangu kwa kazi niliyofanya juu ya mali yake, lazima kwanza nikubali kuwa ni mali yake. Yule anayeiba kiwanja anatupa pamoja nacho haki ya jasho lake lote.

Lakini kwa hoja ileile, na yeye hawezi kusema: Ulikaa bure, ondoka bure. Sikukaa bure. Kibanda changu kilikuwa hati yake. Moshi wa jiko letu kila jioni uliwaambia wezi kwamba hapa pana watu. Alipoutaja mwezi mmoja, alinihesabu kama mgeni aliyepewa kitanda, naye alisahau kwamba mgeni huyo ndiye aliyesimama mlangoni. Tena Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliweka makao pamoja na chakula na mavazi kati ya mambo ambayo mtu hawezi kuishi kwa heshima bila hayo. Asiye na sehemu hiyo hapaswi kuondolewa kama anavyoondolewa mbuzi aliyeingia shambani.

Nilimpigia simu, nikamsomea daftari, pande zote mbili. Alinyamaza kitambo. Akasema: Mwalimu, mimi sikuwahi kuandika upande wako. Tukabishana, si kwa ukali. Juu ya ukuta hatukupatana: mimi nasema una bei yake, yeye asema ataubomoa hata hivyo ili apitishe gari. Juu ya mengine tulipatana. Nimepata miezi minne badala ya mmoja. Mbao na mabati ni yangu. Udongo nitaubeba au nitauacha nipendavyo. Mke wangu asema ataubeba.

Upande wa Mugunga yuko mama mmoja mwenye kiwanja kikubwa na watoto wake wako mbali. Anatafuta mtu wa kukaa naye. Jumamosi nitakwenda kumwona, na safari hii nitachukua daftari tangu siku ya kwanza, ili tuandike pamoja.