Je, Msomi Aweza Kumhukumu Aliyemlipia Masomo?

Siku hizi vijana wa parokia zetu wanakwenda universite kusoma ekolojia, maana yake elimu ya viumbe na makao yao. Kisangani elimu hiyo ina nafasi nzuri, kwani msitu uko mlangoni, na huko Yangambi watu wa elimu wanachunguza miti tangu miaka ya 1930. Wazazi wanauliza: kuhesabu miti kuna faida gani? Swali hilo halinisumbui. Mwanafunzi anapima unene wa mti kwenye kimo cha mita 1.30, anauandika, na baada ya miaka wengine wanarudi kuupima mti ule ule. Ndivyo inavyojulikana kama msitu unakua au unapungua.

Lingine ndilo zito. Tuseme mama mmoja anauza makala, na gunia kwa gunia analipa masomo ya mwanawe. Kijana anajifunza ya kuwa udongo wa msitu mara nyingi ni maskini. Utajiri umo katika miti yenyewe na majani yanayooza chini. Ukichoma, majivu yanalisha mihogo misimu michache tu, halafu shamba linachoka. Anarudi likizo na daftari lake, anakuta tanuru inafuka nyuma ya nyumba. Aseme nini?

Wengine wanasema anyamaze, kwani amri yatuagiza kuheshimu baba na mama. Mimi sikubali, kuheshimu si kuficha ukweli. Lakini simkubali wala yule anayesimama uani na kusema, «Mnaharibu msitu,» kana kwamba daftari lile lilinunuliwa kwa feza nyingine. Tena mama hakati kwa uovu: mji unapika kwa makala, na sisi sote tunakula.

Basi aanze kwa kuuliza: mama, zamani mlilipumzisha shamba miaka mingapi? Pengine atasikia yasiyo katika daftari. Kisha apande. Huko Mampu, karibu na Kinshasa, wakulima wanapanda akasia pamoja na mihogo. Mihogo inavunwa kwanza, akasia inarutubisha udongo, na baadaye inachomwa makala. Ila akasia yataka miaka 8 au zaidi, na masomo ya wadogo zake yanalipwa mwezi wa tisa. Katika miaka ile makala yatatoka msituni bado, na gunia atalibeba pamoja na mama yake.