Mafuta ya Ardhini na Kipimo cha Mola

Ndugu zangu Waislamu, Mwenyezi Mungu hakuumba kitu ila kwa kipimo. Tazameni mafuta ya ardhini. Asili yake ni viumbe vidogo mno vya baharini vilivyokufa, vikazama, vikafunikwa na matope yasiyopitisha hewa. Tabaka zikalemeana, matope yakawa jiwe, na kila kina kilipozidi, joto nalo likazidi. Joto likiwa chini ya digrii 60 hivi, mafuta hayazaliki. Baina ya 60 na 150 huzalika. Likipita hapo huvunjika yakawa gesi, na mwisho hubaki kaboni tupu.

Haya yalitendeka chini ya Bara Arabu kabla hajakuwako mwanadamu. Wenyeji wakakaa juu yake karne nyingi wasiyajue, hata walipokuja Wamarekani wenye elimu ya mawe wakachimba Dammam. Kisima cha saba, mwaka 1938, kikatoa mafuta tele.

Neema ilikuwa chini ya nyayo. Kilichokosekana ni elimu. Basi enyi wazazi, msiwaambie watoto wenu kuwa elimu hii si ya Waislamu. Kuzitafakari kazi za Mola ni ibada, na kuzipuuza ni hasara yetu wenyewe. Wabillahi tawfiki.