Mstari kwenye tangi

Je, mtu anayekula kwa msaada ana haki ya kupamba? Swali linaonekana dogo, lakini mimi linanigusa kila siku. Kazi yangu hapa Kakuma ni kupiga mistari myembamba kwenye bodaboda: tangi, madigadi, mara nyingine hadi rimu. Mteja analeta piki ikiwa imeoshwa, tunaelewana bei, nachovya brashi.

Wengi wanadhani ni kazi ya rula. Hapana. Brashi yenyewe ni nyembamba, ina nywele ndefu, ili ibebe rangi ya kutosha mstari mzima bila kuchovya tena. Kidole kidogo kinaegemea tangi, unatuliza pumzi, halafu unavuta mkono mara moja. Ukisita, mstari unanenepa. Hata India, kwenye kiwanda cha Royal Enfield huko Chennai, mistari ya matangi imepigwa hivi hivi kwa mkono miaka mingi, ingawa mashine zipo.

Sasa, lawama zinatoka pande mbili. Jirani anauliza: hiyo pesa si ingenunua unga? Na mfanyakazi wa shirika, hata asiposema, macho yake yanauliza: huyu kweli ni mhitaji? Tangu 2025 chakula hapa kinagawiwa kwa makundi kulingana na uhitaji, kwa hiyo swali hilo si mzaha. Dereva mmoja alinirudia akiwa na wasiwasi: "Kaka, watu wa kuandikisha wanapita wiki hii. Nifutie." Nikapaka nyeusi juu ya mistari niliyompigia mwenyewe.

Jirani nampa haki yake. Baba anayepamba piki huku watoto wanalala njaa amekosea, hakuna cha kujadili. Madereva nao hujitetea kwamba kizuri chajiuza, abiria huchagua piki inayong'aa. Mara nyingi ni kweli. Lakini utetezi huo peke yake haunitoshi, maana unakubali kwamba mtu wa kambini aruhusiwe uzuri pale tu unapomwingizia shilingi.

Kenya yenyewe imewahi kuvutana juu ya mistari. Mwaka 2004, wakati John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, kila matatu ililazimishwa kupakwa mstari wa manjano, pamoja na kufunga mikanda na vidhibiti mwendo, na michoro ikabanwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wapambe matatu zao. Mstari wa manjano ulimwambia polisi gari hili ni la aina gani. Michoro ilimwambia abiria waliomo ni watu wa namna gani. Yote mawili yana maana, ila moja haliwezi kufanya kazi ya lingine.

Sisi wakimbizi tumejaa alama za aina ile ya kwanza: namba ya kadi, namba ya bloku, kundi la chakula. Sizikatai. Bila hizo mgao ungekuwa vurugu. Lakini zinaeleza tunachokosa tu. Mstari wa tangi unaeleza kwamba huyu bwana anapenda bluu juu ya nyekundu, na kwamba anakitunza chombo hata kama si chake, hata kama kila jioni anampelekea mwenyewe hesabu.

Msimamo wangu ni huu: uhitaji hupimwa kwenye sufuria, si kwenye rangi. Mkipima kwa rangi hamtapata ukweli, mtapata watu wanaojichafua ili waaminike. Na mtu akishajifunza kwamba kujichafua ndiko kunakompa chakula, hiyo tabia nani atakuja kumtoa?

Kwa hiyo, ndugu mwenye karatasi za kuandikisha, ukikuta piki ya mistari mlangoni, bisha hodi, ingia, uliza walikula lini mara ya mwisho. Piki iache hapo nje kama ilivyo.