Nguvu tunazipima, uaminifu je?

Ndugu Waislamu, katika Surat al-Qasas, aya ya 26, binti wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.) kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, inapima ile ya kwanza. Inatazama mtaji, mitambo na wataalamu, kisha mjenzi wa majengo anapewa daraja, la kwanza hadi la saba. Bila hilo haombi zabuni ya Serikali. Ya pili nani anaipima? Kirangozi aliyetoka hapa Tabora na msafara wa pembe hadi Bagamoyo hakuwa na cheti, alifuatwa kwa kujulikana. Leo nasikia wapo wanaokodisha vyeti vyao kwa wasio na sifa. Wallahi, hiyo ni khiyana! Ewe uliyekodisha, watoto wameshakaa chini ya paa lile.