Haki ya Mvutaji na Pumzi ya Jirani

Wanafunzi wa sekondari wanapopewa mada ya sigara katika mdahalo, aghalabu upande unaoipinga huanza na hoja ya gharama. Mvutaji, husemwa, analitia taifa hasara: anaugua, anajaza vitanda vya hospitali, anakosa kazini, tena anakufa kabla hajalipa deni lake kwa jamii iliyomsomesha. Upande wa pili hujibu kwa neno moja, nalo ni haki: mwili ni wake, fedha ni yake, na kila pakiti anayonunua imekwisha kutozwa ushuru. Makofi hupigwa, mwenyekiti huhesabu kura, na swali lenyewe hubaki pale pale lilipokuwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili huanzia mahali pasipofaa.

Tuitazame kwanza hoja ya gharama, maana ndiyo inayoaminiwa kuliko zote. Mwaka 2001 ilijulikana kwamba kampuni ya sigara ya Philip Morris ilikuwa imewaagiza washauri wa Arthur D. Little wapige hesabu ya faida na hasara za uvutaji katika nchi ya Ucheki kwa mwaka 1999. Upande mmoja wa hesabu hiyo ziliwekwa gharama za kuwatibu wavutaji. Upande wa pili uliwekwa ushuru, pamoja na fedha ambazo serikali iliziokoa kwa sababu wavutaji walikufa mapema, wasidai pensheni wala kutunzwa uzeeni. Jumla ilionyesha kwamba serikali ile ilipata faida ya koruna bilioni 5.8. Watu walighadhabika, na kampuni ikalazimika kuomba radhi.

Lakini ghadhabu ile ilitokana na nini? Yamkini wataalamu wa uchumi waliona makosa katika hesabu yenyewe, lakini sicho kilichowachoma watu. Kilichowachoma ni kuona kifo cha binadamu kimeandikwa katika safu ya mapato. Basi ikiwa ni aibu kukihesabu kifo kuwa faida, si haki vilevile kumhesabu mgonjwa kuwa hasara. Mkulima aliyezeeka asiyeweza tena kushika jembe hugharimu. Mtoto aliyezaliwa na kilema hugharimu. Mama anayehitaji kupasuliwa ili ajifungue salama hugharimu. Hao hatuwaulizi wameingiza kiasi gani katika Hazina kabla ya kuwapokea hospitalini. Anayemlaumu mvutaji kwa mizani ya shilingi amekwisha kuikubali mizani ya kampuni ile. Wanachogombania ni jumla tu.

Haina maana kwamba gharama hazipo. Zipo, ila hazimo katika daftari la Hazina. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na hapa ndipo methali hiyo inapotimia. Katika nyumba yenye kipato kidogo, sigara zinazonunuliwa moja moja dukani kila jioni hazionekani kuwa fedha nyingi. Walakini ndizo sabuni, ndizo daftari za shule, ndiyo nauli ya kwenda zahanati. Na baba anapoanza kukohoa damu, anayeacha shughuli zake ili kumwuguza ni mkewe, au binti yao anayeondolewa shuleni kwa muda ambao hatimaye huwa ni wa kudumu. Binti huyo halipwi ujira, kwa hiyo kazi yake haiingii katika hesabu ya mtu yeyote, si ya kampuni wala si ya wapinzani wake.

Upande wa haki nao unastahili kusikilizwa kwa heshima kuliko unavyosikilizwa na wengi wanaohubiri afya. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru kilichotoka mwaka 1859, alishikilia kwamba jamii haina mamlaka ya kumlazimisha mtu mzima kwa faida yake mwenyewe; mamlaka hayo huanza pale anapowadhuru wengine. Tukiikataa kanuni hiyo moja kwa moja, hatujui tutaishia wapi: leo sigara, kesho pombe, keshokutwa chumvi na nyama ya mafuta. Wako watawala waliouvuka mpaka huo. Sultani Murad wa Nne wa Waturuki aliipiga marufuku tumbaku mwaka 1633, na waliokaidi waliuawa. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alikuwa mpole zaidi: mwaka 1604 aliandika kijitabu cha kuilaani tumbaku, kisha akaipandishia ushuru. (Tangu hapo serikali nyingi zimeendelea kuilaani tumbaku kwa mdomo na kuipokea kwa mkono.) Mvutaji hapotezi utu wake kwa kuvuta. Hana budi kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote, wala si halali kumdhalilisha mbele ya watoto wake.

Hata hivyo kanuni ya Mill yenyewe inatufikisha kwenye mpaka, nao ni pumzi ya jirani. Zamani ilidhaniwa kwamba moshi wa sigara ya mtu mwingine ni kero tu, jambo la adabu, kama kupiga kelele usiku. Mwaka 1981 mtaalamu wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 91,540 wa Japani ambao hawakuvuta kabisa. Waliokuwa wake za wavutaji wakubwa walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wake za wasiovuta. Uchunguzi mwingine mwingi uliofuata umelithibitisha jambo hilo. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni 1 hawakuwa wavutaji. Kwa hao, neno hiari halina maana yoyote.

Hapa mila zetu zinatudai tufikiri kwa makini. Husemwa kwamba watu wazima wangeweza kupatana wenyewe bila sheria: anayekerwa na moshi aseme, na mwenye adabu atazima. Hoja hiyo ingefaa mahali ambapo kila mtu anaweza kumwambia kila mtu. Kwetu haiwi hivyo. Kijana aliyekwisha kumwamkia mzee shikamoo hawezi, katika basi hilo hilo, kumwambia azime sigara. Mke aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakwe hatamwambia baba mkwe atoke nje na kiko chake. Mhudumu wa baa anayelipwa kwa siku hamwambii mteja, ataondolewa yeye. Mwanafunzi aliyetumwa ofisini kwa mwalimu mvutaji husimama ndani ya moshi mpaka aruhusiwe kuondoka. Heshima ni nguzo ya utamaduni wetu, nami sitaki ivunjwe. Lakini ndiyo inayowafunga kinywa wale hasa wanaodhurika. Kwa hiyo sheria inayozuia uvutaji mahali pa watu wengi haiji kuharibu heshima. Inamwezesha mdogo asiseme neno lolote, kwa kuwa neno limekwisha kusemwa ukutani. Tanzania ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2003, Kenya mwaka 2007 na Uganda mwaka 2015. Nyumbani, hata hivyo, hakuna tangazo ukutani, na huko ndiko mtoto anakolala.

Tusiipambe mno desturi ya kale. Ugoro ulikuwa na taratibu zake: mzee alifungua kibweta chake, akamkaribisha mzee mwenziwe, wala hakuutia katika pua ya asiyeutaka. Kwa kipimo hicho ugoro ulikuwa na adabu kuliko sigara. Lakini tumbaku isiyo na moshi nayo huleta saratani ya kinywa, na kiko cha babu kilivutwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Liko pia swali ambalo wanaotetea haki ya mvutaji hulipita haraka: je, yeye mwenyewe ni huru? Lugha yetu imehifadhi jambo la kutazamwa. Neno uraibu, katika matumizi ya watu wa pwani, lilikuwa ni mchanganyiko wa kutafuna: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, kitu alichoandaliwa mgeni kwa ukarimu. Leo neno hilo hilo linataja hali ya mtu aliyenaswa na kitu asiweze kukiacha. Nikotini iliyomo katika tumbaku hufanya kazi hiyo kwa haraka, hasa kwa vijana, na wavutaji wengi huanza kabla hawajafikia utu uzima. Aliyechagua ni kijana wa miaka kumi na mitano nyuma ya bweni. Anayelipa ni mtu wa miaka hamsini ambaye pengine amejaribu kuacha mara kadhaa. Mwezi wa Aprili 1994 wakuu wa makampuni saba ya tumbaku walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakaapa, wakasema hawaamini kwamba nikotini inamtia mtu uraibu. Mwaka 2006 mahakama ya nchi hiyo iliamua kwamba makampuni makubwa ya sigara yalikuwa yameudanganya umma kwa miaka mingi. Ikiwa kuna haki ya mvutaji iliyovunjwa waziwazi, ni haki yake ya kuambiwa kweli kabla ya kuchagua. Na ya pili inafuatana nayo: haki ya kusaidiwa kuacha. Katika zahanati nyingi za vijijini mvutaji ataambiwa aache; hataambiwa aache vipi.

Mwisho yuko mtu ambaye midahalo ya shule haimtaji kabisa, naye ni mkulima. Urambo, katika mkoa wa Tabora, mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulipoanguka, tumbaku ndiyo iliyoshika nafasi, na mpaka leo mkoa huo ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo. Sehemu kubwa huuzwa nje. Mkulima huyo hukata miti ya miombo ili apate kuni za kukaushia majani katika mabani. Anayechuma majani yakiwa na umande hupata kichefuchefu na kizunguzungu, kwa kuwa nikotini hupenya katika ngozi. Huenda mwenyewe havuti hata sigara moja. Mwalimu wa wilaya kama hiyo anayesimama darasani kufundisha madhara ya tumbaku anawafundisha watoto waliovaa sare zilizonunuliwa kwa tumbaku, na pengine madawati wanayokalia yametokana na ushuru wake. Mwanafunzi mwerevu atamwuliza kwa nini mapafu ya Mtanzania yalindwe na ya mgeni yauziwe moshi, na mwalimu hataweza kumjibu kwa kurudi kwenye hoja ya gharama.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2007, unazitaka nchi wanachama katika kifungu chake cha 17 ziwasaidie wakulima kupata njia nyingine za kujipatia riziki. Alizeti huota Tabora, na mahindi huota, na misitu inayobaki hutoa asali. Lakini mnunuzi wa tumbaku humkopesha mkulima mbolea kabla ya mvua na kumfuata sokoni baada ya mavuno. Mnunuzi wa alizeti afanyaye hivyo bado hajafika katika vijiji vingi.